Jinsi ya kuongoza wafanyakazi wako mpaka wafanye kazi bila kusukumwa: mwongozo kamili kwa mwenye mgahawa, duka au saluni

Huu mwongozo ni wa mtu mwenye biashara ya watu kama 5 mpaka 20 hivi, sehemu ambayo hakuna idara ya utumishi wala nini, bosi ndo meneja ndo mhasibu ndo anayesuluhisha ugomvi wa jikoni. Mifano mingi naitoa mgahawani kwa sababu ndo kazi ninayoijua, jiko na kaunta hapa Dar, na mgahawa una kila tatizo la wafanyakazi unaloweza kulifikiria, joto, wateja wakali, hela taslimu inayopita mikono mingi, shifti za usiku na mtu anatakiwa arudi Mbagala saa sita usiku daladala zimeshapungua. Ukiwa na hardware au duka la dawa badilisha majina ya vitu tu, mengine ni yale yale. Na nikitaja sheria naongelea Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Zanzibar wana sheria yao.

Watu wengi wakisikia kuwapa wafanyakazi motisha wanawaza bonasi, sherehe ya mwisho wa mwaka, fulana zenye nembo. Mimi nasema motisha inaanza na uhakika. Mtu asiyejua mshahara unaingia lini, asiyejua kazi yake inaanzia wapi inaishia wapi, asiyejua akikosea atafanywa nini, huyo mfanyie semina ya hamasa kila Jumatatu bado atafanya kazi huku anatafuta sehemu ingine. Akishakuwa na uhakika hapo ndo sifa na bonasi na madaraka vinaanza kumwingia. Kwa hiyo hizi hatua zifuate kwa mpangilio, usikimbilie za mwisho.

Hatua ya 1: tarehe ya mshahara isiguswe

Chagua tarehe moja na uilinde kama unavyolinda kodi ya fremu. Mwenye nyumba wako hukubaliani naye eti mwezi huu biashara ilikuwa ngumu, sasa kwa nini yule anayekupikia toka saa kumi na moja alfajiri ndo asubiri?

Sababu kubwa ya mishahara kuchelewa sio kwamba hela haikupatikana, ilipatikana ikatumika. Bosi kachukua ada ya mtoto kwenye mauzo ya Jumanne, kalipia tairi Alhamisi, tarehe 30 inafika droo ni tupu. Dawa yake ni kutenga kila siku. Tuseme mishahara yote kwa mwezi ni 2,400,000, gawanya kwa 30 unapata 80,000. Kila jioni mkifunga hesabu, kabla hujamlipa muuza kuku wala muuza mkaa, 80,000 inatoka inaenda akaunti ingine ambayo kadi yake hutembei nayo. Juu yake weka mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla ni asilimia 20 ya mshahara na kawaida mnagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo 10 yako hapo ni 240,000 kwa mwezi, yaani 8,000 kwa siku. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 kwa sekta binafsi, hiyo ni 12,000 kwa mwezi, na hiyo inatoka mfukoni kwako, humkati mtu. Kama kwa siku 88,400 inakushinda kabisa basi una watu wengi kuliko biashara inavyobeba, na ni bora ujue sasa kuliko kujua kwa kuwakopa mishahara yao.

Ikitokea kweli umekwama, waambie kabla. Tarehe 26 au 27 waite wote, sema nusu inaingia tarehe 30 na nusu tarehe 4, alafu tarehe 4 iwe 4 kweli. Kinachowaudhi watu zaidi ni ile bosi kuzima simu tarehe 30 jioni.

Advansi nayo iwe na kanuni inayojulikana na kila mtu. Mfano: inaombwa kuanzia tarehe 15, mwisho theluthi ya mshahara, inaandikwa daftarini na mtu anasaini. Ukimpa mmoja kwa sababu analia vizuri na mwingine ukamnyima kwa sababu hajui kujieleza, umeshatengeneza maneno ya mwezi mzima.

Kuhusu kiwango chenyewe cha mshahara. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kule Highland Park karibu na Detroit kilikuwa kinapoteza wafanyakazi kwa kasi ya asilimia 370 kwa mwaka, yaani nafasi moja inajazwa zaidi ya mara tatu, watu wanakuja wanaona ile kazi ya kusimama sehemu moja kukaza nati siku nzima wanaondoka. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya mara mbili ya walichokuwa wanapata, na watu wakaacha kuondoka hovyo. Sikwambii ulipe mara mbili. Nakwambia kaa chini upige hesabu ya mtu kuondoka inakugharimu nini, wiki ambazo mgeni hajui bei, vyombo anavyovunja, wateja wanaomfuata yule mhudumu wao kule alikohamia. Wengi wakishapiga hiyo hesabu wanaona nyongeza ya 30,000 kwa mpishi mzuri ni rahisi. Ila ujue pia kwamba ile hela ya Ford sehemu yake ilikuwa na masharti, wakaguzi walikuwa wanaenda mpaka majumbani kuangalia mtu anaishije. Hapo usimwige, mshahara wa mtu usikupe ruhusa ya kumchunguza nyumbani kwake.

Hatua ya 2: karatasi

Mkataba wa maandishi hata wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, mtu asome mwenyewe. Uwe na kazi yake, sehemu ya kazi, tarehe ya kuanza, mshahara, siku ya kulipwa, saa za kazi, likizo. Sheria inasema saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki na 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Biashara nyingi ndogo mtu anafanya saa 12 siku 7, alafu bosi anashangaa kwa nini mhudumu amenuna. Amechoka! Panga shifti mbili, hata kama zinaingiliana saa za mchana ambapo wateja ni wengi.

Pamoja na mkataba mpe karatasi ya pili, ya majukumu, mistari kama 8 hivi isizidi. Usiandike "kufanya kazi kwa bidii na uaminifu", hiyo haimsaidii mtu. Andika "saa 12:30 asubuhi meza zote zimefutwa, chumvi na pilipili zimejazwa", "oda inafika jikoni ndani ya dakika 3 tangu mteja aagize". Mtu akisoma ajue leo nimefanya au sijafanya.

Hatua ya 3: mwezi wa kwanza wa mgeni

Hii fupi. Siku za mwanzo anamtazama mzoefu, zinazofuata wanafanya wote, baada ya hapo anafanya peke yake mzoefu yupo karibu. Mtu mmoja tu ndo awe mwalimu wake, sio kila mtu anamtuma, na huyo mwalimu mlipe kitu kidogo au umpunguzie kazi, maana kufundisha ni kazi. Jioni muulize mgeni, leo kipi kilikuchanganya? Majibu yake yatakuonyesha mambo ambayo nyie mmeshayazoea hamyaoni tena.

Hatua ya 4: shoti

Hapa naomba usome taratibu, maana hakuna kitu kinachoua moyo wa keshia na mhudumu kama shoti.

Ilivyo sehemu nyingi: jioni hela imepungua 40,000, bosi anasema "mtagawana", mwisho wa mwezi kila mtu amekatwa na hakuna anayejua ilipungua vipi. Mwaminifu analipia mwizi. Baada ya miezi michache yule mwaminifu anajiuliza kwa nini na yeye asichukue kama kukatwa anakatwa tu.

Anza na makabidhiano. Saa tisa alasiri shifti ya asubuhi inatoka, ya jioni inaingia. Funga kaunta dakika 15, mteja akija anaambiwa asubiri kidogo na ataelewa. Keshia wawili wanakaa pamoja. Kwanza inatengwa chenji ya kuanzia, tuseme 50,000. Alafu noti zinapangwa mafungu, za 10,000 peke yake, 5,000, 2,000, 1,000, sarafu mwisho. Malipo ya simu yanasomwa kwenye taarifa ya lipa namba, sio kwenye meseji alizoonyesha mteja, maana meseji feki zipo. Bili zilizosainiwa za wanaokula kwa mkopo zinahesabiwa. Soda kwenye friji zinahesabiwa, kreti kwa kreti, chupa tupu nazo. Kila kitu kwenye karatasi mbili, wote wanasaini, moja inabaki kaunta moja kwako. Kuanzia hapo shoti ya asubuhi ina mwenyewe na ya jioni ina mwenyewe.

Sasa kukata. Sheria ya 2004 haikuruhusu kukata tu kwa sababu wewe ni bosi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la huyo mtu, umweleze kwa maandishi ilitokana na nini na ni kiasi gani na umekipataje, umpe nafasi ya kweli ya kupinga, usimdai zaidi ya hasara yenyewe, akubali kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake. Kwa hiyo keshia wa 280,000 akiwa na shoti ya 120,000 iliyothibitika, mwisho ni 70,000 mwezi huu na 50,000 mwezi ujao. Sijui kwa nini watu wanaona huu utaratibu ni mzigo, kwangu mimi ndo unamfanya keshia alale usingizi. Anajua hakatwi bila kusikilizwa, na anajua pia akichukua itaonekana ni yeye.

Hatua ya 5: jinsi ya kusema

Kukosoa ni faragha, kusifu ni hadharani, hilo wengi wanalijua ila hawalifanyi, wanakosoa mbele ya wateja na kusifu hawasifu kabisa.

Ukikosoa anza na tukio sio tabia. Mfano mteja jana amesubiri chipsi kuku dakika 50. Usiseme "wewe ni mvivu". Muite pembeni:

"Dada, karibu ukae. Jana meza ya nje walisubiri kuku dakika 50. Ilikuwaje?"

Alafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.

"Bosi, kuku walikuwa wameganda, tumeanza kuyeyusha saa saba wateja wameshajaa."

"Nani huwa anawatoa kwenye friza asubuhi?"

"Hakuna mtu maalum, yeyote anayewahi."

Hapo umeshapata tatizo lako. Sio yeye, ni ratiba. Mnakubaliana kuanzia kesho mtu wa shifti ya asubuhi anatoa kuku saa mbili, inaingia kwenye karatasi ya majukumu, mmemaliza. Ungeanza na kufoka ungepata "samahani bosi haitajirudia" na Jumamosi kuku wangekuwa wameganda tena.

Kusifu nako kuwe na tukio. "Hongereni kwa kazi nzuri" inapita masikioni tu. "Jana yule baba alivyopiga kelele kuhusu bili, kaka umemsikiliza mpaka mwisho na ukamwonyesha bili mstari kwa mstari, hapo umeiokoa ofisi" hiyo mtu anaenda kuisimulia nyumbani.

Na heshima ya kawaida. Kama wewe una miaka 28 na mpishi wako ni mama wa miaka 50, shikamoo asubuhi ni lazima, na unamwita mama, na hilo halikupunguzii ubosi hata kidogo, kinyume chake siku ukimwambia mama hii biriani leo haikukaa sawa atakusikiliza. Unyapara wa kusimama mlangoni na saa mkononi unakupa watu wanaofanya kazi ukiwepo tu.

Hatua ya 6: dakika 10 za kila mtu

Kila baada ya wiki mbili kaa na kila mfanyakazi peke yake dakika 10, sio kwenye kikao cha wote ambapo mwenye sauti kubwa ndo anaongea. Maswali matatu yanatosha: kipi kinakukwamisha, kipi ungebadilisha ungekuwa wewe ndo mimi, na baada ya mwaka unataka uwe unafanya nini. Andika majibu. Kikao kijacho anza na ulichofanya kuhusu lile la mwisho, hata kama ni kumwambia hili nimeshindwa kwa sababu hii. Usipofanya hivyo wataacha kukwambia ukweli, utabaki na umbea wa yule mmoja anayekupigia usiku, na huyo usimpe cheo cha masikio yako. Akikuletea habari za mwenzake muulize umeshamwambia mwenyewe?

Hatua ya 7: gawa madaraka

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 wa eneo la Pittsburgh kuhusu nyakati walizoipenda sana kazi na nyakati walizoichukia. Majibu yakaja mafungu mawili. Mshahara, usimamizi mbaya, mazingira, hivyo vikiharibika mtu anachukia kazi. Ila kilichowafanya waipende ni vitu vingine, kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa jukumu, kukua. Wengine wamembishia sana baadaye kwa jinsi alivyofanya huo utafiti, lakini mimi kwenye kazi nimeiona hiyo picha kila siku, ndo maana mshahara nimeuweka hatua ya 1 na madaraka hatua ya 7.

Madaraka kwa mhudumu ni kitu kama hiki: ana ruhusa ya kutatua malalamiko ya mteja mpaka 10,000 bila kuuliza mtu. Supu imekuja baridi, anabadilisha, anampa soda, anaandika kwenye daftari imetokea nini. Mwisho wa wiki mnalisoma pamoja. Mpishi naye mwachie aamue chakula maalum cha Ijumaa, abuni, apige gharama zake na wewe uzione, kikiuzika jina lake liandikwe kwenye ubao. Kijana wa stoo mwachie aongee na muuza mchele mwenyewe na umwonyeshe bei za wiki iliyopita. Akikosea usimnyang'anye siku hiyo hiyo, mnaangalia alikosea wapi. Ukinyang'anya mara moja wote wameona na hakuna atakayejaribu tena.

Hatua ya 8: bonasi

Bonasi nzuri mtu anaweza kuipigia hesabu mwenyewe, inalipwa haraka, na haigombanishi watu. Ya mwisho wa mwaka ambayo bosi anaamua kichwani mwake haina hata moja. Napenda ya timu: mauzo ya wiki yakizidi lengo, asilimia fulani ya kilichozidi inagawanywa sawa, jikoni na mbele, mpaka mwosha vyombo. Ukimpa mhudumu peke yake kwa mauzo yake, wataanza kugombania meza na mpishi ataona kazi yake inamtajirisha mwingine. Lengo likishawekwa usilipandishe kwa sababu wamelifikia, subiri miezi mitatu na mkae mjadiliane. Na tipu za wateja sio mapato yako, weka kisanduku na wao wagawane.

Hatua ya 9: ndugu

Shemeji yuko kaunta, anachelewa saa mbili, hakuna anayemgusa. Hapo hatua zote nilizoeleza zimekufa, maana wafanyakazi hawaangalii karatasi inasema nini, wanaangalia kwa shemeji inasema nini. Sikatazi kuajiri ndugu, familia ni familia na wengi tumesaidiwa hivyo hivyo. Ila awe na mkataba ule ule, asaini makabidhiano yale yale, meneja wake awe mtu mwingine na sio wewe, na onyo lake la kwanza akistahili alipate. Kabla hajaanza ongea naye nyumbani mbele ya mke au mume wako, mwambie wazi kazini hakuna shemeji. Kama unaona huwezi kumpa onyo, msaidie kwa njia ingine, mpe mtaji auze matunda, lakini usimuweke kwenye hela.

Na wewe mwenyewe ukila ulipe, au uandike. Bosi anayefungua droo kuchukua 20,000 bila kuandika ameshamfundisha keshia jinsi ya kufanya.

Hatua ya 10: msiba, ugonjwa, uzazi

Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtu akifiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, uzazi kwa mama siku 84 na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, baba angalau siku 3. Hizo ni za chini kabisa. Mtu wa Kigoma akifiwa, siku 4 nusu zinaishia njiani, mwongezee. Anzisheni mfuko wa kufa na kuzikana, kila mtu 5,000 kwa mwezi na ofisi inaweka kiasi sawa na jumla yao, hela zishikwe na wao sio wewe, na siku ya msiba nenda mwenyewe au mtume meneja, ukae kwenye mkeka kama wengine. Mfanyakazi anakumbuka nani alikuja.

Hatua ya 11: ikibidi kuachana

Kuna mtu umemfundisha, umeongea naye, umempa onyo, bado. Usimfukuze kwa meseji wala kwa hasira siku mauzo yamekataa. Onyo la mdomo liandikwe tarehe, la pili liwe la maandishi, na kabla ya uamuzi mwite ajieleze akiwa na mwenzake wa kumsindikiza. Akilipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, au umlipe hela ya hizo siku. Mlipe siku alizofanya kazi, likizo ambayo hajaenda, na kama amemaliza mwaka angalia kiinua mgongo, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10, japo aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana. Mpe cheti cha utumishi. Akiona ameonewa ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kule watakuuliza karatasi, kwa hiyo lile faili lake liwe limekamilika.

Kesho yake asubuhi waite waliobaki kabla hamjafungua. Waambie mwenzao ameondoka, amelipwa haki zake zote, sababu ni kati yake na ofisi, na kazi zake kwa sasa zinafanywa na nani mpaka apatikane mwingine. Usimseme vibaya. Uliza kama kuna mwenye swali, jibu linalojibika, alafu fungueni milango.